Joto likimpanda mtu: maji kwanza, gari baadaye

IKIWA umewahi kupanda basi Eastleigh, Nairobi, ukapita Garissa, Modogashe na Habaswein hadi mjini Wajir, kisha ukaendelea na barabara ya Mandera mpaka Tarbaj, basi huhitaji kipimajoto kukueleza habari tunayotaka kuizungumza leo. Ukishuka hapo saa nane mchana mwezi wa Machi, hewa yenyewe hukupiga usoni kama mtu aliyefungua mlango wa tanuri la mkate.

Wenyeji wameishi na joto hilo tangu enzi za mababu, na kwa sababu hiyo wengi wetu hudhani kwamba haliwadhuru. Hapo ndipo kosa linapoanzia. Mwili wa binadamu, awe mzaliwa wa Tarbaj au wa Nyeri, una kikomo chake, na kikomo hicho kikipita mtu hufa, wakati mwingine katika muda wa saa chache tu. Jambo la kusikitisha ni kwamba wengi wa hao wangeweza kuokolewa na mtu yeyote aliyekuwa karibu, asiye daktari wala muuguzi, iwapo angejua la kufanya kwa ndoo moja ya maji.

Makala nyingi za afya kutoka ng'ambo huonya juu ya joto la Julai na Agosti, kwa maana huko ndiko kuliko na kiangazi cha miezi hiyo. Msomaji wa Kaskazini Mashariki asiyafuate hayo. Julai ni msimu wa hagaa, wakati wa upepo, na miezi hiyo ndiyo yenye nafuu. Joto lenyewe huja na jilaal, ule ukavu unaoshika nchi tangu Desemba au Januari hadi mvua za gu zinapofika, aghalabu Aprili. Tarbaj iko karibu digrii mbili tu kaskazini mwa ikweta, hivyo mwishoni mwa Machi jua la adhuhuri husimama sawasawa juu ya utosi na kivuli cha mtu hujificha miguuni pake. Isitoshe, nchi hiyo ni tambarare ya chini. Nairobi iko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ilhali Wajir haifiki mita 300, na kila unaposhuka mita 1,000 joto huongezeka kwa nyuzi 6 hivi. Mjini Garissa wastani wa joto la mchana mwezi wa Machi hupita nyuzi 36 za Selsiasi, na Wajir haiko mbali na hapo. Kumbuka pia kwamba kipimo hicho huchukuliwa kivulini. Mchukuzi aliye juani sokoni, au mtoto aliye chini ya bati, ana joto lake jingine.

Jasho hufanya kazi gani?

Mwili wenye afya hukaa kwenye nyuzi 37. Kila unapotembea au kuinua mzigo misuli huzalisha joto, na joto hilo lazima litoke. Hewa ikiwa baridi kuliko ngozi, joto hutoka lenyewe bila wewe kujua. Lakini ngozi ina nyuzi 35 hivi. Hewa ikipita hapo mambo hugeuka: si wewe unayeipa hewa joto, bali hewa ndiyo inayokupa wewe. Njia inayobaki ni moja tu, nayo ni jasho. Tena jasho halipoeshi kwa kutoka, hupoesha kwa kukauka.

Mtu wa Mombasa au Lamu hutota, shati likamnata mgongoni, na kwa hiyo anajua kwamba anapoteza maji. Tarbaj hewa ni kavu. Jasho hukauka kabla hujaliona, na utamsikia mgeni akisema kwa furaha, "Mimi huku sitoki jasho." Anatoka sana! Atazame kola ya shati lake jioni, ataona mstari mweupe wa chumvi.

Wakati huohuo moyo husukuma damu nyingi kwenda kwenye ngozi ili ikapoe. Maji yakipungua katika damu, moyo hulazimika kupiga kasi zaidi. Kwa sababu hiyo joto humwua mzee kwa kupitia moyo au figo, na cheti huandikwa ugonjwa wa moyo bila neno joto kutajwa popote. Chicago, nchini Marekani, watu zaidi ya 700 walikufa kwa siku chache za Julai 1995, wengi wao wazee waliokaa peke yao katika vyumba vilivyofungwa madirisha. Ufaransa ilipoteza watu wapatao 15,000 katika joto la Agosti 2003. Hizo ni nchi zenye umeme na magari ya wagonjwa kila mtaa.

Karibu na kwetu, Sudan Kusini ilifunga shule zote Machi 2024 joto lilipotarajiwa kufika nyuzi 45, na ikazifunga tena Februari 2025 baada ya wanafunzi kuanza kuzirai madarasani mjini Juba. Madarasa mengi ya huko ni ya mabati. Mzazi wa Tarbaj, Garissa au Mandera hahitaji kuelezwa jinsi darasa la mabati lilivyo saa saba mchana, na muhula wetu wa kwanza huangukia miezi hiyohiyo ya Januari hadi Aprili.

Tazama akili, usitazame ngozi

Joto humshika mtu kwa hatua. Kwanza huja ule uchovu wa joto: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, misuli ya miguu au tumbo kukaza, mkojo kuwa mchache na mweusi kama chai ya rangi. Katika hatua hii mtu bado anajitambua. Mpeleke kivulini, mlegeze nguo, mlowanishe, mpe maji ya kunywa kidogo kidogo. Akipumzika nusu saa bila kupata nafuu, apelekwe kwenye kituo cha afya.

Hatua ya pili ndiyo kiharusi cha joto. Joto la mwili limepanda kufikia nyuzi 40 au zaidi na ubongo umeanza kushindwa. Wengi tulifundishwa shuleni kwamba mtu wa namna hii huwa na ngozi kavu. Usitegemee hilo hata kidogo. Kijana aliyeanguka akichimba mtaro anaweza kuwa bado anatiririka jasho. Kitu cha kutazama ni akili yake. Muulize: leo ni siku gani? Hapa ni wapi? Mimi ni nani? Akijibu ovyo, akiyumba kama mlevi, akiwa mkali bila sababu, akishikwa na degedege au akilala asiamke, usitafute dalili nyingine.

Watu wa nyumbani hukosea sana hapa. Ayeyo, yaani nyanya, akianza kumwita mjukuu kwa jina la ndugu aliyekufa zamani, husemwa ni uzee. Kijana akizungumza maneno yasiyoshikana, husemwa ni miraa. Mtoto akilegea, ni malaria. Inawezekana kweli ikawa malaria, na hospitali ina kipimo cha kuthibitisha. Lakini mwili ukiwa moto mno baada ya kutwa ya jua, na akili imepotea, mpoeshe kwanza. Hata kama ni malaria, kumpoesha hakutamdhuru.

Ndoo moja ya maji

Kila dakika ambayo mwili unabaki juu ya nyuzi 40, ubongo, ini na figo vinaharibika. Lengo ni kulishusha joto hilo ndani ya nusu saa. Sasa hebu ifikirie hali ya mtu aliye Tarbaj, au katika kijiji kilicho nje yake. Hospitali kubwa ya kaunti iko Wajir mjini. Gari litafutwe, mafuta yatafutwe, jamaa wa kufuatana na mgonjwa apatikane, pesa zichangwe, ndipo safari ianze. Nusu saa imekwisha zamani! Mgonjwa aliyefikishwa hospitali kubwa akiwa bado anawaka moto ana hatari kuliko yule aliyemwagiwa maji chini ya mti kwa dakika ishirini ndipo akapakiwa. Kwa hivyo mmoja akimbilie gari, na wengine wote washike maji.

Mtoe juani. Mvue viatu na nguo za juu. Mmwagie maji mwili mzima, kichwa, shingo, kifua, kwapa na mapaja, kisha mpepee bila kukoma kwa kadibodi, sinia, mkeka, chochote kile kinachosukuma hewa. Kupepea ni nusu ya dawa, kwa sababu ni kukauka kwa maji kunakoondoa joto, na hapa ule ukavu wa Tarbaj unakuwa rafiki. Ngozi ikianza kukauka mwagia tena. Ikiwa dukani kuna barafu, ifungeni katika leso mumwekee shingoni, kwapani na kwenye manena.

Utasema, maji yako wapi? Swali hilo ni la haki kwa nchi ambayo mvua zilikosa misimu mitano mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020. Jibu ni kwamba maji ya kazi hii si lazima yawe ya kunywa. Visima vingi vya Wajir vina maji ya chumvi ambayo watu hawayapendi mdomoni, nayo yanafaa kabisa. Maji ya silanga yanafaa. Maji yaliyokwisha fulia nguo yanafaa. Ngozi haichagui ladha. Yakiwa machache sana, lowesha shuka moja tu, mfunike mgonjwa na umpepee juu yake, uwe ukiligeuza na kulilowesha tena likipata moto.

Kuna jambo ambalo vitabu vya huduma ya kwanza havilisemi, nalo limechelewesha msaada kwa wengi. Anapoanguka mwanamke sokoni, wanaume husita kumgusa, na wanawake husita kumvua mbele ya watu. Hakuna haja ya kumvua. Jilbabu iliyolowa maji chepechepe na kupepewa nayo hupoesha. Wanawake wanne wakishika shuka au leso pembe nne, wamekwisha jenga chumba, na kazi iendelee ndani yake. Usiruhusu haya igharimu roho ya mtu.

Mtu asiyejitambua asinyweshwe maji, kwani yataingia mapafuni. Mlaze ubavu. Wala asipewe Panadol au dawa nyingine ya kushusha homa: dawa hizo hufanya kazi katika homa ya ugonjwa, si katika joto lililoingia kutoka nje, na huenda zikalidhuru ini lililokwisha umia. Gari likija, chukueni jerikeni mbili za maji, fungueni madirisha yote, na muendelee kumlowesha njiani. Msikome hadi mkabidhi mgonjwa mikononi mwa muuguzi, hata akianza kuzungumza vizuri, kwa sababu figo huweza kushindwa siku ya pili au ya tatu.

Mtungi wa lita 20

Tuje sasa kwenye kinga. Ushauri wa "kunywa maji mengi" ni rahisi kuuandika kwa mtu aliye karibu na bomba. Katika nyumba inayongojea lori la maji au mkokoteni wa punda, swali halisi ni nani anywe kwanza. Maoni yetu ni haya: mama anayenyonyesha na mjamzito, watoto wadogo, wazee, wagonjwa, na yule anayefanya kazi juani. Mzee usimngoje aombe. Hisia ya kiu hupungua kadiri umri unavyosonga, na mtu wa miaka 75 anaweza kukuambia kwa dhati kwamba hana kiu ilhali mwili wake umekauka. Mpe kikombe mkononi, ukae naye mpaka akimalize.

Mtu mzima aliyepumzika kivulini katika joto hilo anahitaji kiasi cha lita tatu kutwa. Anayefanya kazi nzito juani aweza kupoteza lita nzima kwa saa moja, na hawezi kuirudisha yote kwa mara moja jioni. Anywe kikombe kimoja kila baada ya robo saa au dakika ishirini, wala asipitishe lita moja na nusu kwa saa, maana maji mengi mno bila chumvi nayo yana madhara yake. Chai ya maziwa inahesabika, licha ya yale yasemwayo kwamba chai hukausha. Maziwa ya ngamia yanahesabika pia. Soda si badala ya maji. Kipimo kisichogharimu pesa ni mkojo: ukiwa wa rangi ya majani makavu uko salama, ukiwa wa rangi ya chai umechelewa.

Mtu aliyetoka jasho kutwa au anayeharisha anahitaji pia chumvi. Pakiti za ORS hupatikana katika vituo vya afya na madukani; soma maandishi yake, kwani nyingine ni za nusu lita na nyingine za lita moja. Ukikosa pakiti, tia vijiko sita vidogo vya sukari, vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi katika lita moja ya maji safi. Usikisie, na usitumie maji ya kisima cha chumvi kuchanganyia.

Na mtoto mchanga? Hapa tunajua tutabishana na akina nyanya wengi. Mtoto aliye chini ya miezi sita hahitaji maji hata jilaal likiwa kali namna gani. Maziwa ya mama yana maji ya kumtosha, na Shirika la Afya Duniani linasisitiza hivyo hata kwa nchi za joto. Maji ya glukosi au ya sukari humjaza tumbo, akanyonya kidogo, na mara nyingi huingia pamoja na vijidudu vya kuharisha. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi. Anayestahili kupewa maji ni mama yake.

Kufunga wakati wa jua

Mwezi wa Ramadhani husogea nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Mfungo wa 2024 na wa 2025 uliangukia Machi, na katika miaka inayofuata utapita Februari na Januari. Maana yake ni kwamba kwa miaka kadhaa Waislamu wa Kaskazini Mashariki wanafunga katikati ya jilaal. Mtu mwenye afya anaweza kufunga kwa salama akipanga siku yake. Akichelewesha daku hadi karibu na alfajiri, akinywa maji kidogo kidogo tangu futari hadi wakati wa kulala badala ya kubugia lita mbili kwa mpigo, akipunguza sambusa zenye chumvi nyingi, na akimaliza kazi ya nguvu kabla ya saa nne asubuhi, atakuwa amefanya sehemu kubwa.

Mwenye kisukari, ugonjwa wa figo au moyo, na mama mjamzito, wazungumze na daktari kabla ya mwezi kuandama, si siku ya kumi. Dini yenyewe imewapa ruhusa mgonjwa na msafiri, na aliyepatwa na dalili za joto tulizozitaja ni mgonjwa. Joto halimtazami mtu kwa ibada yake. Katika hija ya Juni 2024, joto lilipofikia nyuzi 51.8 mjini Makka, serikali ya Saudi Arabia ilitangaza kwamba mahujaji 1,301 walifariki, wengi wao wakiwa wale wasiosajiliwa waliotembea mbali juani bila ya mahali pa kujihifadhi.

Nyumba na usiku

Wenye hekima walijenga herio, ile nyumba ya Kisomali ya mikeka, iliyoruhusu upepo kupita na isiyohifadhi joto. Sisi tukaleta bati na tukaita maendeleo. Bati huwaka mchana, ukuta wa mawe hunywa joto hilo, kisha huutoa usiku kucha kwa wale waliolala ndani. Madaktari wanahofia joto la usiku kuliko tunavyodhani, kwa kuwa moyo haupati saa za kupumzika.

Si lazima ubomoe nyumba. Tandika dari ya mikeka chini ya bati ukiacha nafasi ya hewa baina yake. Paka bati chokaa nyeupe kwa nje. Mji wa Ahmedabad nchini India, uliopoteza watu wengi katika joto la Mei 2010, ulifanya hivyo kwa mapaa ya mitaa ya maskini, na Wajir haina uhaba wa mawe ya chokaa. Panda mwarobaini upande wa magharibi, unakotokea jua la alasiri. Funga madirisha wakati hewa ya nje ni moto kuliko ya ndani, uyafungue jua likizama. Shuka iliyoloweshwa na kutundikwa mlangoni penye upepo hupoesha chumba kizuri sana Tarbaj, ingawa Lamu, penye unyevu, haitakusaidia neno. Feni nayo ina mpaka wake: hewa ikipita nyuzi 40 hukupulizia joto tu, isipokuwa ujiloweshe kwanza. Wengi hulala nje uani, na ni jambo jema, mradi pawe na chandarua, na viatu vikung'utwe asubuhi kwa ajili ya nge.

Mgeni, mchapakazi na mtafunaji

Mwili huzoea joto kwa siku saba hadi kumi na nne. Mwalimu au karani aliyehamishwa kutoka nyanda za juu asionyeshe ushujaa wiki ya kwanza. Hata mzaliwa wa Tarbaj aliyekaa Nairobi miezi mingi amekwisha poteza mazoea hayo, ingawa hatakubali. Vibarua wa barabara ya Isiolo hadi Mandera, ambayo katika miaka hii imekuwa ikijengwa kwa lami kupitia Wajir na Tarbaj, wana joto la jua na la lami kwa pamoja. Msimamizi mwenye akili huanza kazi alfajiri, husimamisha kuanzia saa sita hadi saa tisa, na hawaruhusu watu kufanya kazi mmojammoja mahali pasipoonekana, kwa sababu aliyechanganyikiwa hajijui kwamba amechanganyikiwa.

Juu ya miraa tutasema machache, kwani hatutaki ugomvi na wenye nayo. Inapandisha joto la mwili na mapigo ya moyo, inaondoa njaa na usingizi, nayo hutafunwa aghalabu alasiri, wakati mwili umekwisha choka kwa jua. Anayetafuna na awe na chupa ya maji kando yake, si soda peke yake.

Wenye dawa za kila siku wana shida ya pekee. Baadhi ya dawa za presha humfanya mtu akojoe sana, na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili na za mzio huzuia jasho. Usiziache kwa hiari yako, maana kuziacha ghafla kwaweza kuua upesi kuliko joto. Mweleze daktari unakoishi, naye atapima kama kipimo kipunguzwe wakati wa jilaal.

Kuhusu insulini kuna habari njema iliyotoka papa hapa kwetu. Kwa miaka mingi mgonjwa asiye na friji aliambiwa asafiri hospitali kila siku kudungwa sindano. Watafiti wa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walipima joto la nyumbani katika kambi ya Dagahaley, Dadaab, kaunti ya Garissa, kisha wakaijaribu insulini katika maabara kwa joto hilohilo lipandalo na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Matokeo yao ya 2021 yalionyesha kwamba dawa ilidumisha nguvu zake kwa wiki nne. Hiyo haina maana kwamba uiache dirishani au ndani ya gari lililoegeshwa juani. Itie katika mfuko usiopitisha maji, uuweke ndani ya chungu cha udongo kilichozungushiwa kitambaa kibichi, mahali pa kivuli penye upepo, na uandike kwenye chupa tarehe uliyoitoa baridini. Ikibadilika sura, ikawa na chengachenga au ukungu usiokuwapo mwanzo, irudishe hospitali ukabadilishiwe.